Ernie Brandts: Beki wa Uholanzi Aliyefika Jangwani

Ernie Brandts, beki wa kati aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1956, alianza soka ya kulipwa katika klabu ya De Graafschap, na mwaka 1977 akahamia PSV ya Eindhoven. Msimu wake wa kwanza huko ulikuwa wa neema: PSV ilitwaa ubingwa wa nchi na Kombe la UEFA, naye akaitwa kwenye Kombe la Dunia la 1978 nchini Argentina.

Jina lake lilijengwa na mechi dhidi ya Italia, Juni 21. Dakika ya 19, akijinyoosha kumzuia Roberto Bettega, alijifunga, na katika purukushani hiyo hiyo akamgonga kipa wake, Piet Schrijvers, aliyeumia na kutolewa nje. Lilikuwa kosa la kumvunja moyo beki wa miaka 22. Lakini Brandts alipanda mbele, na mapema kipindi cha pili akafumua shuti kali lililosawazisha. Arie Haan akafunga la pili, Uholanzi ikaingia fainali. Kabla ya hapo hakuna mchezaji aliyekuwa amezifungia timu zote mbili katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Fainali ilikwenda kwa Argentina, 3–1, baada ya dakika za nyongeza. Kwa jumla aliichezea Uholanzi mechi 28 na kufunga mabao 5, idadi ya kuheshimika kwa beki.

Alipotundika daluga aligeukia ukocha: NAC Breda, kisha Iran, kisha APR ya Rwanda. Septemba 2012 Yanga, klabu ya Tanzania yenye makao yake Jangwani, Dar es Salaam, ikamchukua.

Safu yake ya ulinzi ilikuwa na Kelvin Yondani na nahodha Nadir Haroub, ambaye mashabiki walimbatiza Cannavaro, jina la beki wa Italia. Yanga ikawa bingwa wa 2012/13, ikafunga msimu kwa kuilaza Simba, watani wao wa jadi, 2–0. Oktoba 2013 mambo yakageuka: dhidi ya Simba, Yanga iliongoza 3–0 hadi mapumziko, ikaishia 3–3. Desemba watani wakashinda 3–1, na Brandts akafutwa kazi. Nafasi yake ilichukuliwa na Mholanzi mwenzake, Hans van der Pluijm.