Hodhi Jipya la Samaki na Gharama ya Kungoja

Mtu anunuapo hodhi la kioo, akatandaza changarawe chini yake, akalijaza maji ya bomba na kuwatia samaki siku hiyo hiyo, aghalabu hulitazama kwa furaha siku mbili tatu, maji yakiwa maangavu na samaki wakizunguka kwa afya. Kisha, kabla juma la pili halijatimia, huwaona wakipanda juu na kutweta, mapezi wameyabana ubavuni, matamvua yamewaiva wekundu, hata asubuhi moja akamkuta mmoja wao anaelea. Hapo lawama huangushiwa muuzaji, au chakula, au jicho la hasidi, ilhali kilichoua ni taka za samaki wenyewe, na sababu ya taka hizo kuua ni kwamba hodhi lilikuwa bado jipya.

Samaki alapo chakula, mabaki ya protini huyatoa mwilini kwa sura ya amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hupitia katika matamvua. Ziwani au mtoni sumu hii hupotea katika wingi wa maji; katika hodhi la lita 100 haina pa kwenda, na chakula kilichosazwa kikaoza huizidisha. Maumbile yameweka bakteria wa namna mbili wa kuiondoa: wa kwanza huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huichukua nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili mpaka mwenye hodhi aipunguze kwa kubadili maji. Lakini bakteria hawa hawaji pamoja na kioo kutoka dukani. Huishi wameganda juu ya mawe, juu ya changarawe, na zaidi ndani ya sifongo ya chujio, wala si katika maji yenyewe. Tena kuzaana kwao ni kwa taratibu mno, kwani ingawa wako bakteria wawezao kuongezeka maradufu kwa muda usiofika saa moja, hawa hutaka takriban siku nzima. Ndiyo maana hodhi huchukua kwa kawaida majuma manne hadi sita kukomaa, na mwenye kulijaza samaki siku ya kwanza hufanana na mwenye nyumba aliyealika wageni kabla ya kuchimba choo.

Ilmu hii ilikuja kwa vizazi viwili vya ukoo mmoja. Mnamo mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyowaweka samaki wa dhahabu katika chombo kimoja na majani ya majini na konokono, akaona kwamba majani huwapa samaki hewa na konokono hula majani yaliyooza, na hivyo maji hudumu bila ya kuharibika. Alivyovihesabu ni viumbe vinavyoonekana kwa jicho. Mwanawe, aliyeitwa Robert Warington vilevile, ndiye aliyekuja kuchunguza katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, huko Uingereza, jinsi amonia inavyogeuka nitrati udongoni, akadhihirisha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili na hufanywa na viumbe wa namna mbili, ingawa hakufaulu kuwatenga. Aliyewatenga ni Mrusi, Sergei Winogradsky, alipokuwa akifanya kazi Zürich karibu na mwaka 1890.

Mwenye hodhi ambalo halijatiwa samaki ana nafasi ya kuwalea bakteria kwanza kwa kuwatilia amonia ya chupa kidogo kidogo, asimtese kiumbe yeyote. Hapa maneno yetu ni kwa yule ambaye samaki wamekwisha kuwamo, wawe ni zawadi ya mtoto au ni ununuzi wa pupa. Huyu hana njia ya kuuruka muda huo wa kungoja, lakini anao wajibu ulio dhahiri: mpaka bakteria watoshe, kazi yao aifanye yeye kwa mikono yake.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima, kwa sababu amonia haina rangi, na maji maangavu kama kioo yaweza kuwa yamejaa sumu. Katika maduka ya samaki wa mapambo huuzwa vichupa vya dawa ya matone: mtu huteka maji ya hodhi katika kibomba cha kioo hadi kwenye alama, hudondoshea matone kama alivyoelekezwa, hukitikisa na kungoja dakika chache; katika aina iliyoenea sana, rangi ikibaki manjano hakuna amonia, na kadiri inavyoelekea kijani ndivyo hatari inavyozidi. Apime kila siku, na amonia au nitriti ikifika nusu miligramu kwa lita, abadili maji siku hiyo hiyo. Hesabu yake ni nyepesi, lakini wengi huikosea: maji yenye miligramu 1 kwa lita, ukibadili robo yake, hubaki na robo tatu ya miligramu, nayo bado ni nyingi; ni kwa kubadili nusu ndipo utakapofika kwenye nusu miligramu, na kesho samaki watakuwa wameiongeza tena.

Maji mapya nayo yana masharti. Klorini iuayo vijidudu katika maji ya bomba huwaua pia bakteria tunaowalea na kuyaunguza matamvua ya samaki, basi maji yakae katika ndoo wazi usiku na mchana, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Na pale ambapo idara ya maji hutumia kloramini, kungoja hakufai kitu, dawa ni lazima. Chakula kipunguzwe hata kiwe kidogo tu mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, na hata siku moja moja ya kufunga haitawadhuru.

Wako samaki ambao hatari kwao ni kubwa zaidi. Amonia majini huwa na sura mbili, moja kali na moja isiyodhuru sana, na kinachoamua ni ipi itakayozidi ni pH, yaani kipimo cha tindikali na magadi. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH ya 7 huwa na sura kali isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, hukaribia asilimia 5. Ikiwa 9, hupita theluthi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9, na samaki wa miambani watokao Kigoma na pwani nyingine za ziwa hilo, ambao hufugwa Ulaya na Marekani kwa uzuri wa rangi zao, huwekwa katika maji ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji yenye pH ya chini angekivumilia, wao huwaua.

Amonia ikianza kushuka, mwenye hodhi asidhani amehitimu, kwa maana ndipo nitriti inapopanda. Sumu hii huingia katika damu na kuigeuza rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba hewa, hata samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Chumvi husaidia, kwani kloridi iliyomo huizuia nitriti kupenya katika matamvua. Gramu moja kwa kila lita yatosha kwa samaki walio wengi, ingawa baadhi ya majani ya majini hayaipendi.

Lipo jambo moja liwezalo kuufupisha muda kwa kweli, nalo ni kuomba kipande cha sifongo kutoka katika chujio la hodhi kongwe lenye samaki wazima, kikachukuliwa kikiwa kimelowa na kutiwa katika chujio jipya. Kinyume chake, yapo mawili yawezayo kuirudisha kazi nyuma: kuiosha sifongo kwa maji ya bomba, ambapo klorini huwamaliza wenyeji wake, nayo ilipasa kukamuliwa katika ndoo ya maji ya hodhi lenyewe; na umeme kukatika kwa saa nyingi, kwani bakteria hawa huvuta hewa kama samaki, na chujio lililofungika likisimama hukosa hewa. Umeme ukikawia, itoe sifongo uiweke hodhini penye nafasi.

Siku amonia na nitriti zitakapokuwa sifuri kwa juma zima bila ya maji kubadilishwa kila mara, na nitrati ikaonekana, hodhi litakuwa limekomaa, lakini kwa idadi ile tu ya samaki waliomo, maana bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula chao. Atakaye kuongeza na aongeze wawili, apime kwa juma moja, ndipo afikirie wengine. Majuma yale ya kungoja hayana wa kuyakwepa. Asiyeyalipa kwa ndoo na mikono yake, samaki wake watamlipia kwa roho zao.