Mtoto ndani ya daladala: Dirisha wazi ni kinga, si adui

Saa 12:30 asubuhi, gari ya 502 inajaza abiria Bububu kwenda mjini. Wanafunzi wa skuli wamebanana na mikoba yao, wafanyakazi wanawahi ofisini, na kina mama wawili watatu wanawapeleka watoto kliniki. Mvua ya masika ikianza kudondoka, madirisha hufungwa moja baada ya jingine. Huko nyuma mtu anakohoa.

Mama aliyempakata mtoto mchanga humfunika kanga kuanzia kichwani, kisha humwomba jirani afunge na lile dirisha moja lililobaki, upepo usije ukamwingia mtoto kifuani.

Ni jambo linaloonekana karibu kila siku kwenye gari zetu, na linafanywa kwa mapenzi. Lakini anayeweza kumdhuru mtoto huyo si upepo wa Mtoni wala wa Maruhubi. Ni hewa iliyokwisha kupita kwenye vifua vya watu wengine, ikafungiwa ndani ya gari pamoja naye.

Fikiria harufu ya udi

Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni udi. Akipanda mtu aliyejifukiza, hata ukikaa kiti cha mwisho utaisikia harufu. Hakukugusa, wala hukukaa karibu naye. Hewa ndiyo iliyokuletea.

Mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuzungumza au hata kupumua tu, hutoa chembechembe za majimaji. Zile kubwa huanguka karibu naye. Zile ndogo sana huelea kama moshi, na zikiwa na vijidudu huvutwa na waliomo ndani. Madirisha yakifungwa huongezeka, yakifunguliwa hutawanyika, kama vile harufu ya udi inavyopotea gari ikishika kasi.

Baadhi ya magonjwa hayahitaji muda mrefu. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokeza. Mafua makali nayo huweza kuambukizwa siku moja kabla mtu hajajisikia vibaya. Kwa kifua kikuu, hatari kubwa ya mtoto ni mtu mzima anayeishi naye, lakini gari iliyofungwa, safari baada ya safari, nayo ni mahali pa kuambukizana.

Siri ya gari za mbao

Wazazi wengi wa Unguja wamekulia kwenye gari za bodi la mbao zilizo wazi pembeni, abiria wakitazamana. Zilibana na zilitikisa, lakini hewa ilipita upande huu ikatokea ule. Leo wengi husafiri kwa basi dogo lenye vioo, na nyingine zina kiyoyozi. Starehe imeongezeka, hewa safi imepungua.

Watafiti walipima jambo kama hili kwenye hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Milango na madirisha yalipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vya kisasa vyenye mashine za kubadili hewa huwekewa kiwango cha mara 12. Wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa zilifanya vizuri zaidi. Gari si wodi, lakini kanuni ni ileile.

Machi 2020, korona ilipoingia Afrika Mashariki, Kenya iliagiza matatu ya abiria 14 ibebe 8 tu. Agizo la aina hiyo humgharimu mwenye gari na abiria pia. Kufungua dirisha hakugharimu kitu.

Anachoweza kufanya mzazi

Si kila mzazi ana uwezo wa kukodi teksi au kusubiri gari isiyojaa. Haya yanawezekana hata ndani ya 502:

Kaa karibu na dirisha au mlango, na omba madirisha mawili yafunguliwe, la mbele na la nyuma upande wa pili, hewa ipate njia. Hata mvua ikinyesha, nafasi ya vidole vichache inasaidia.

Mvishe mtoto sweta na kofia, lakini usimfunike uso. Baridi ya upepo haizai vijidudu.

Gari inaposimama kituoni kungoja abiria, hewa ya ndani haisogei. Kama nafasi yako haitapotea, subiri nje hadi ikaribie kuondoka.

Mwenye kikohozi avae barakoa au akoholee kiwiko. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa. Mkifika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto usoni au kumlisha.

Mtoto mwenye homa na kikohozi akiweza kubaki nyumbani, abaki. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, awe mtoto, utingo au babu, akapime kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure.

Chanjo nayo ni kinga ya safari. Za kifaduro na nimonia hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Nyingi huikosa ile ya pili kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na kliniki imesahaulika. Itazame kadi leo.

Hesabu pumzi

Mtoto akiugua kifua, mtazame akiwa ametulia na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50, na wa mwaka 1 hadi miaka 5 ni 40. Ukiona hivyo, au kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hanyonyi, au amelegea, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje kesho, na usitangulize mafuta ya kuchua.

Ugumu kwa wengi ni kusema. Mzazi huona haya kuwasumbua abiria, au huchelea kujibiwa vibaya. Kauli ya upole hutosha: “Samahani mwanangu, nifungulie dirisha kidogo, mtoto apate hewa.” Mara nyingi, mmoja akishafungua lake, na wa nyuma naye hufungua.