Motokari ya waya inabaki mlangoni

Pita katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, saa ya mangaribi. Utakuta watoto wanasukuma motokari za waya: usukani mrefu, magurudumu ya vizibo ao ya viatu vya zamani vilivyokatwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Mmoja alikunja waya, mwingine akaona gurudumu inakwama, wakabishana, wakaanza tena.

Kesho asubuhi watoto ni wale wale, lakini ndani ya kalasi wanakaa kimya. Viti vyote vinatazama tablo, kazi ni kunakili. Motokari imebaki mlangoni, na akili iliyoitengeneza imebaki nayo.

Hatusemi waalimu njo wabaya. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali, na ni haki: Katiba ya 2006 iliahidi hivyo katika kifungu cha 43. Lakini watoto waliongezeka, vyumba havikufuata. Pale watoto wanabanana kwenye kiti kimoja, mwalimu atasogeza nini?

Walakini kalasi si kuta na viti peke yake. Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji huko Ufaransa, alitoka katika vita ya 1914-1918 na jeraha la mapafu. Kusema siku nzima kulimshinda. Akawatoa watoto inje waangalie kazi za watu, na katika miaka ya 1920 akaleta mashine ndogo ya kuchapisha ndani ya kalasi, watoto wachape maandiko yao wenyewe. Hakuanza na utajiri, alianza na shida yake.

Sisi pia tuanze na yetu. Ubao juu ya matofali mawili unatosha kupanga vitu ambavyo watoto wametengeneza. Kiti hakisogei? Wa mbele wageuke, waangaliane na wa nyuma: hilo ni kundi tayari. Wapewe swali: gurudumu ya kizibo ikizunguka mara kumi, motokari itafika wapi? Wapime, wabishane. Na anayekosea asichekwe, juu mtoto anayeogopa kuchekwa hajaribu tena.

Na sisi wazazi, jioni, tusiulize paka pointi. Tuulize: «Leo umetengeneza nini?»