Kufundisha Istilahi za Kiitaliano katika Nadharia ya Muziki

Mwalimu wa muziki anapofika kwenye istilahi za Kiitaliano, mara nyingi huandika orodha ubaoni: neno kushoto, tafsiri kulia. Wanachuo hunakili, hukariri, na hufaulu jaribio. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa muda mrefu. Kisha darasa lililokwisha kujibu sawasawa kwamba "crescendo" ni "kuongeza sauti" lilikutana na neno hilo katika wimbo wa kwaya, likapaza sauti yote mara moja. Haikubaki sauti ya kuongeza. Kosa lilikuwa langu. Kwa Mwitaliano neno hilo maana yake ni "ikikua", kama ukuavyo mche. Basi ni lazima lianzie padogo.

Tangu hapo naanza na maana ya kila siku. Istilahi hizi zilienea Ulaya tangu karne ya 17, wakati watungaji wa Italia walipokuwa wakiigwa kila mahali. Lakini kwao wenyewe mengi yalikuwa maneno ya kawaida tu. "Largo" ni "pana". "Adagio" ni "kwa nafasi, bila haraka". "Andante" hutokana na kitenzi cha kwenda: ni mwendo wa mtu atembeaye, wala si "polepole" kama orodha nyingi zisemavyo. "Allegro" ni "changamfu". Wimbo uliokimbizwa bila uchangamfu haujawa allegro. Wanachuo wangu huzitembea istilahi hizi darasani huku wakipiga makofi. (Darasa la jirani limekwisha kulalamika.)

Jina la piano nalo lafaa kusimuliwa. Orodha ya ala ya mwaka 1700 iliieleza ala iliyobuniwa na Bartolomeo Cristofori huko Florence kuwa yenye "piano" na "forte", yaani sauti ya chini na sauti ya nguvu, kwa kufuata uzito wa kidole.

Katika matamshi, msemaji wa Kiswahili ana bahati. Irabu za Kiitaliano huandikwa kwa herufi zile zile tano, karibu kila istilahi huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanachuo asiyapitishe maneno haya kwanza katika Kiingereza. Afahamu tu kwamba "dolce" hutamkwa "dolche", "crescendo" hutamkwa "kreshendo", na "adagio" hutamkwa "adajo". Katika "pianissimo" mkazo hurudi nyuma, kwenye "ni".

Kiambishi "-issimo" huzidisha, "-etto" hupunguza. Hivyo allegretto haifikii kasi ya allegro. "Andantino" ndiyo yenye utata: watungaji wengine walikusudia mwendo wa pole kuliko andante, wengine wa haraka zaidi. Hapo wanachuo wautazame wimbo wenyewe, wajadiliane.

Katika jaribio sasa siulizi tafsiri. Nampa mwanachuo mstari mfupi wa noti na neno moja juu yake, naye auimbe.