Kusoma Alama ya Fanksheni Laini

Mfasiri wa vitabu vya hisabati aghalabu hutatizwa na alama Cᵏ(Ω), kwani herufi hizi chache zimebeba sentensi nzima. Makala hii yakusudia kuifafanua na kutahadharisha juu ya makosa matatu.

C ni herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya "isiyokatika". Ω ni eneo la fanksheni, yaani la kanuni inayoipa kila nukta thamani moja. k hutaja ni mara ngapi fanksheni yaweza kutafutiwa kima chake cha badiliko, na kila kima kikawa hakikatiki. Alama nzima husomwa: "nafasi ya fanksheni za eneo Ω zilizo laini kwa daraja la k."

Tumtazame mtu atokaye Mnazi Mmoja kwa Mtaa wa Uhuru, akafika Kariakoo na kukata kona kuingia Mtaa wa Msimbazi. Njia yake haikukatika, lakini mwelekeo umebadilika ghafla. Mstari wenye kona kama hiyo katika grafu ni wa C⁰, si wa C¹. Reli iliyonyooka ikiungwa moja kwa moja na tao la duara, mwelekeo haukatiki. Kinachoruka ni kiasi cha kupinda, na abiria husukumwa ubavuni. Mstari huo ni wa C¹, si wa C². Kwa sababu hiyo wahandisi huweka baina yake kipande kinachopinda kidogo kidogo. Njia ya jiwe lililorushwa, kabla halijatua, haina ruko kwa daraja lolote: ni ya C∞.

Kosa la kwanza ni kuiita namba ya juu "kipeo", kama tulivyozoea katika shule ya msingi. C² si C mara C.

La pili ni kuandika "anga" badala ya "nafasi". Hapa pana seti ambayo fanksheni zake mbili zikijumlishwa, jumla nayo ni ya seti hiyo hiyo.

La tatu ni kuandika "laini" bila daraja. Muuza vitambaa wa Kariakoo akisema "laini", ataja kinachohisiwa mkononi. Muuza simu ataja kitu kingine. Hata wanahisabati, wengine hukusudia C∞, wengine daraja la kutosha tu. Mwanafunzi aliyeelezwa "laini" pekee aweza kutumia kanuni idaiyo C² penye kona, na hesabu yake ikaharibika.

Kwa hiyo twapendekeza herufi C ibaki ilivyo, maana ni ya mataifa yote, na daraja litajwe daima kwa Kiswahili.