KIPANDE CHA KWANZA AU KIPANDE TANGULIZI?

Istilahi tunazozijadili hapa zahusu ngome ya mtandao, yaani mtambo au programu ikaguayo data ziingiazo na zitokazo. (Wako waiitao "ukuta wa moto", sisi hatulipendelei jina hilo, kwani ukuta wenyewe hauwaki.) Pakiti iliyo kubwa mno hukatwa vipande, na ngome huvihifadhi hadi vitimie. Kwa kuwa vingine hupotea njiani, huwekwa kipimamuda: muda ukiisha, vyote hutupwa.

Kosa moja la kipimamuda ni kuanza kuhesabu upya kila kipande kifikapo. Adui akituma kimoja kimoja, polepole, pakiti haikamiliki wala haitupwi, na kumbukumbu hujaa. Dawa ni kuhesabu mara moja tu. Kanuni za Itifaki ya Intaneti toleo la 6, zilizochapishwa mwaka 2017, zaweka sekunde 60 tangu kufika kipande cha kwanza.

Hapa ndipo mfasiri atelezapo. Cha kwanza kwa kufika, au kwa mpangilio? Kipande cha mwisho chaweza kutangulia. Afuataye mpangilio ataunda programu ambayo, kipande cha mwanzo kikipotea, hesabu haianzi kabisa, na kumbukumbu itajaa vilevile. Tena kanuni hizo zinakitaja hicho cha mwanzo mbali: kikiwa kimefika, ndipo mtumaji aarifiwe kwamba muda umekwisha.

Twapendekeza "kipande tangulizi" kwa kilichowahi kufika, na "kipande cha mwanzo" kwa kibebacho sehemu ya kwanza ya pakiti. "Kipande cha kwanza" kisitumike katika tafsiri za kanuni hizi.