Badilisha Kapeti ya Trela Kabla Haijaharibu Boti

Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, boti nyingi za faiba hupandishwa nchi kavu. Huu ndio wakati mzuri wa kukagua kapeti inayofunika mbao za trela, pale boti inapolalia.

Kapeti ikichakaa, vichwa vya misumari hutokeza na kukwaruza tumbo la boti. Mchanga ulionasa ndani yake nao husugua kama msasa. Mkwaruzo ukipenya tabaka la juu, maji huingia kwenye faiba na kuidhoofisha. Kutengeneza faiba ni ghali kuliko kununua kapeti, na boti inayovuja huhatarisha maisha ya waliomo.

Fuata hatua hizi:

1. Shusha boti majini au uilaze juu ya magogo imara. Usifanye kazi chini ya boti iliyoshikiliwa na jeki pekee.
2. Ng'oa kapeti kuukuu na misumari yote.
3. Dunga kila ubao kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza, ubadilishe.
4. Chagua kapeti ya nyuzi za plastiki. Ya pamba au sufu huoza.
5. Ivute ikaze, kisha uipigilie upande wa chini wa ubao, kamwe si juu. Tumia misumari ya chuma kisichoshika kutu.
6. Acha mwanya upande wa chini ili maji yatoke na ubao ukauke.

Kila baada ya kutoka baharini, suuza trela kwa maji yasiyo na chumvi. BMU zenye trela ya pamoja zipange siku ya ukaguzi kabla ya kaskazi kuanza.